Likizo yetu ya kwanza, bwana yangu ameigeuza orodha ya filamu

Yaya,

Nakuandikia kutoka Makomeno, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge, na bwana yangu ni fundi wa umeme katika kampuni moja ya mgodi. Tangu tuoane hatujasafiri pamoja isipokuwa kwenda matangani, Kolwezi au Kasenga. Mwaka huu zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, imefika, na yeye amepata pesa ya likizo. Tukakubaliana: Julai watoto wakae kwa dada yangu, sisi twende kisiwani. Bahari sijaiona hata siku moja.

Sasa Yaya, bwana yangu ni mtu wa filamu. Nilimpenda hivyo, wakati wa uchumba tulikuwa tunatazama mpaka jogoo awike. Lakini juma lililopita ameniletea karatasi aliyoandika pande zote mbili. Ni Thailand. Kwanza pwani ya ile filamu ya Leonardo DiCaprio, halafu jiwe la James Bond, halafu maporomoko ambako wale vijana waliruka majini. Kila mahali ameandika saa ya kufika na picha ya kupiga, mimi nisimame wapi, yeye asimame wapi. Siku ya kukaa mchangani tu, haimo. Nikamuuliza kama pesa itatosha. Akajibu, “Likelemba yako itaziba pengo.”

Mama mkwe naye amesikia na amekasirika. Anasema watu wazima hawapandi ndege kwenda kuangalia mahali wazungu walipoigiza, na huku bati za nyumba yake, kule komini ya Kenya hapa mjini, zinavuja.

Nikubali ili nyumbani kuwe na amani, au niseme likizo yote basi? Nisaidie.

Mama wa Vitenge, Makomeno

Mdogo wangu, jambo.

Likizo usiikatae, na karatasi ile usiikubali kama ilivyo.

Katika barua yako kuna sentensi moja umeipita mbio, nami nimerudi kuisoma tena na tena: “Likelemba yako itaziba pengo.” Hiyo ni pesa uliyoitoa kidogokidogo katika faida ya vitenge, siku nyingine hata mauzo yakiwa mabaya, kwa sababu wenzako walikuwa wanakungoja na wewe hukutaka kuwaangusha. Mtu akipanga matumizi ya pesa hiyo kabla ya kukuuliza, hata awe mume mwema, moyo lazima uume. Ninaamini hilo ndilo linalokukosesha usingizi kuliko Leonardo. Filamu za bwana yako ulizipenda tangu uchumba, na sioni mahali popote ulipoandika kwamba umezichoka.

Kwa hiyo anzia hapo. Chagua jioni ambayo hana zamu, watoto wamelala, na mama yake hayupo. Mwambie pesa yako imo katika safari hii na wewe mwenyewe umo, kwa hiyo karatasi iandikwe upya na watu wawili. Usianze kwa kusema filamu zake ni upuuzi. Ukianza hivyo atazitetea filamu, na maneno ya pesa hayatasemwa kabisa.

Tena si upuuzi. Hapo sikubaliani na mama mkwe, pamoja na heshima yangu yote kwake. Kijana aliyekaa Lubumbashi akatazama bahari kwenye kioo cha televisheni, usiku baada ya usiku, ameibeba bahari hiyo miaka mingi. Anapotaka kusimama pale, anataka kuthibitisha kwamba na yeye dunia hii ni yake. Na mwanamume anayeandika mke wake asimame wapi katika kila picha, hakupanga kwenda peke yake. Mwambie kwamba hilo umeliona.

Ila ajue anachokwenda kukuta. Filamu anayoisema ni The Beach ya mwaka 2000, na pwani ile ni Maya, katika kisiwa cha Phi Phi Leh. Waliotengeneza filamu hawakuridhika nayo walipoikuta. Walisawazisha mchanga na kupanda minazi ili ifanane na pepo waliyokuwa nayo kichwani, na kesi juu ya uharibifu huo ilidumu miaka zaidi ya 20 katika mahakama za Thailand. Ghuba yenyewe iko wazi upande wa bahari. Ile milima iliyouziba upande huo katika filamu iliongezwa kwa kompyuta. Baadaye wakaja watazamaji, mpaka maelfu kwa siku, nanga za maboti zikavunja matumbawe, na Juni 2018 serikali ikaifunga. Ilifunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti: maboti hushusha watu upande wa nyuma wa kisiwa, idadi ya wageni ina kikomo, na kuogelea hakuruhusiwi. Wewe hujawahi kuigusa bahari, mdogo wangu. Utasafiri nusu ya dunia ufike kwenye maji mazuri kuliko yote, uambiwe uishie magotini.

Jiwe la James Bond, lile la The Man with the Golden Gun ya 1974, linaonekana kwa mbali tu, maana maboti yamekatazwa kulisogelea. Na maporomoko walikoruka vijana wa The Beach hayako kisiwani. Yako bara, katika hifadhi ya Khao Yai, upande wa Bangkok, kwa hiyo ni ndege nyingine na gari tena. Julai yenyewe ni majira ya mvua upande ule wa Thailand, bahari huchafuka. Karatasi yake yenye saa za kufika haitahimili juma moja la hali hiyo, na nyinyi wawili mtashinda mkigombana juu ya maboti.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa alifikirie yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa Katanga. Mwaka 1968 ilitoka filamu ambayo kwa Kifaransa iliitwa Le Dernier Train du Katanga. Mamluki, almasi, treni ya mvuke, watu wakikimbia vita. Treni hiyo haikupita Tenke wala Likasi. Ilipita Jamaica, kisiwani, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mwongozaji wake, Jack Cardiff, alikuwa anaijua Kongo: ndiye aliyekuwa mkuu wa kamera wa The African Queen, ambayo mwaka 1951 ilipigwa kwa sehemu hapa nchini, kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu ya leo. Mwaka 2016 ikaja The Siege of Jadotville, ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Septemba 1961. Jadotville ni Likasi yetu, unakwenda asubuhi na jioni uko nyumbani. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Hata Raoul Peck, aliyeitengeneza Lumumba ya mwaka 2000 kwa uchungu na heshima, ilibidi apige Zimbabwe na Beira, Msumbiji, kwa kuwa huku kulikuwa na vita. Lumumba aliuawa Januari 1961, porini, si mbali na mji wetu huu.

Nayaeleza haya kwa sababu yananiuma. Leo kuna mtu mahali fulani aliyeipenda filamu ya Jadotville, na anatamani kuona ilipopigwa. Atafika Afrika Kusini, atapiga picha zake, atarudi kwao akiwa ameridhika. Likasi hataifikiria. Mama anayeuza mandazi Likasi, mzee anayekumbuka milio ya risasi za mwaka ule, kwake hawapo. Sisi tumefanywa hivyo mara nyingi. Sipendi bwana yako aende kuwafanya watu wa Phi Phi vivyo hivyo, awapite waliozaliwa pale kama miti, macho yako kwenye simu akitafuta pembe ileile ya kamera.

Mimi ningewapeleka Zanzibar. Kuna filamu ya huko inayomfaa mtu kama yeye, na nakuambia itakufaa na wewe: Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, kutoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu Maangamizi ya 2001. Ilipigwa Unguja kwenyewe, na watu wanasema Kiswahili, kwa hiyo hamtahitaji maandishi chini ya kioo. Ni habari ya Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa mzee, akatoroka, akapokewa na rafiki yake Mwajuma huko Ng'ambo, akampenda Denge aliyekuwa akiwapinga Waingereza miaka ya 1950. Msichana ambaye kila mtu alikuwa amempangia mahali pa kusimama. Itazameni pamoja kabla ya ile jioni ya mazungumzo. Pengine itakufungulia maneno unayoyatafuta.

Halafu mkifika, filamu yenyewe itawaongoza. Tembeeni Mji Mkongwe, vichochoro na milango ya nakshi, kisha vukeni Darajani mwingie Ng'ambo, ambako watalii wengi hawafiki. Zamani kulikuwa na mkondo wa bahari hapo katikati: mawe na matajiri upande huu, udongo na makuti upande ule. Ukivuka kwa miguu yako utaelewa kwa nini Yasmin kwenda kwa Mwajuma kulikuwa kuvuka dunia. Leo Ng'ambo ina majumba marefu ya Michenzani na pikipiki na kelele za soko. Muongee na watu. Kiswahili chetu kitawachekesha kidogo na chao kitawashangaza, lakini mtaelewana, na mzee mmoja barazani atawaambia mambo ambayo hayamo katika filamu yoyote. Msalimieni kwa shikamoo, huko wanaitilia maanani sana, na msimpige picha kabla hajakubali. Mjini ukivaa kitenge chako mpaka chini utakuwa umevaa vizuri kabisa.

Bwana yako atataka pia kuiona Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Karibu yake kuna Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu tangu 1998. Tarehe zake hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwambie atafute, kwa sababu kutazama filamu ndani ya kuta zile, usiku, pamoja na watu wa pale, kungempa zaidi ya jiwe la James Bond. Na wewe usikose Mchangani, mtaa wa maduka ya kanga. Hiyo ni kazi yako, utajua bei na rangi kuliko wauzaji wenyewe.

Siku zako za mchanga ziandikeni kwanza, kabla ya zake. Nendeni Nungwi, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali yakipwa. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ni nzuri vilevile, lakini maji yakitoka hutoka kabisa, unaweza kutembea muda mrefu bila kulowa zaidi ya vifundo vya miguu. Hapo utawaona akina mama wa mwani kwenye mashamba yao ya baharini. Julai kuna upepo wa kusi na joto si kali. Katika siku hizo simu yake ikae chumbani. Mwombe hilo waziwazi, mapema, kabla ya kukata tiketi.

Kwa safari yenyewe, msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna pia bima ya lazima ya wageni ambayo Zanzibar iliianzisha Oktoba 2024. Ulizeni kiwango chenu, na mambo ya viza myaulize ubalozi mdogo wa Tanzania hapa mjini, msitegemee maneno ya mtu wa sokoni. Kuna ndege kutoka uwanja wa Luano zinazopitia Nairobi au Addis Ababa. Njia ya Kasumbalesa, Tunduma, Dar es Salaam na kisha boti ni ya bei ndogo, lakini kwa watu wenye likizo fupi itakula siku nyingi njiani.

Imebaki mama mkwe. Juu ya filamu amekosea, juu ya bati ana haki. Mvua zetu zinarudi kuelekea Novemba, na nyumba inayovuja haingoji. Tofauti ya gharama kati ya Thailand na Zanzibar ni kubwa, na sehemu yake, kutoka katika pesa ya likizo ya bwana yako, inunue bati kabla hamjapanda ndege. Likelemba isiguswe kwa hilo isipokuwa ukitaka mwenyewe. Na usiende kumweleza wewe. Ni mama yake. Aende yeye, akiwa na fundi wa kupima paa, na amwambie kwa kinywa chake kwamba Julai anampeleka mke wake baharini.