Hita ya Gesi Haifungwi Bafuni

Juni na Julai, kahawa inapochumwa katika milima ya Umatengo, maji ya bomba ya alfajiri hung'ata vidole. Mbamba Bay, chini kule ziwani, mtu hujitosa majini bila kuwaza mara mbili. Lakini Mbinga mjini, Maguu au Litembo, mgeni akifika gesti huuliza kwanza kama kuna maji ya moto.

Zamani jibu lilikuwa sufuria juu ya mafiga. Siku hizi kuna gesi. Taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa ruzuku ya Wakala wa Nishati Vijijini. Masharti yake aulizwe mtendaji wa kijiji. Hatua hiyo ni ya kujivunia, maana imewapunguzia akina mama moshi na mizigo ya kuni. Kijitabu hiki kinahusu jambo linalosahaulika mtungi ukishafika nyumbani: hewa.

Moto hula hewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Hita ndogo ya kuchemsha maji papo kwa papo, ya kilowati 12 hivi, hutumia karibu gramu 150 za gesi kwa dakika kumi za kuoga. Hapo imekula hewa ya mita za ujazo zinazokaribia mbili. Sasa lipimwe bafu la kawaida la gesti: mita mbili kwa moja na nusu, dari mita mbili na nusu. Lote lina mita za ujazo saba na nusu tu. Mgeni mmoja, kuoga mara moja, na karibu robo ya hewa ya chumba imekwisha kutumika, huku mlango umefungwa na kidirisha kimezibwa kwa nailoni kuzuia baridi.

Oksijeni ikipungua, moto haufi mara moja. Hubadilika. Ule mwali wa buluu uliotulia huanza kuwa wa njano na kuyumba, na masizi hushika juu ya hita. Hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu kali ya mtungi unaovuja hutiwa makusudi kiwandani ili watu washtuke. Hii haina wa kuitia harufu. Ikivutwa, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi wakati kifua kinapanda na kushuka kama kawaida.

Kwa hiyo isemwe waziwazi: hita ya gesi haifungwi bafuni. Hufungwa nje, ukutani, chini ya kipaa kinachoizuia mvua, na maji ya moto ndiyo yanayoingia ndani kwa bomba. Zile pekee zinazoruhusiwa ndani ni zilizofungwa pande zote, zinazovuta hewa na kutoa moshi nje kwa bomba lao maalumu, na hizo zifungwe kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Hata nje, hita isikae chini ya dirisha. Mwaka 1994 mcheza tenisi wa Marekani, Vitas Gerulaitis, alikufa usingizini katika nyumba ya wageni ya rafiki yake. Hita iliyomuua ilikuwa ya kupasha maji ya bwawa la kuogelea. Bomba lake la kutolea moshi lilikuwa fupi mno, na gesi ikapata njia ya kuingia alimolala. Alikuwa na miaka 40.

Asiye na hita naye asikiweke kando kijitabu hiki. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, kitambaa kikasokomezwa chini ya mlango, hutoa sumu ileile, tena kwa wingi zaidi. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ndio unaowadanganya watu. Makaa ya mawe, ambayo Mbinga inayachimba yenyewe kule Ngaka, nayo ni hivyohivyo. Kukosa moshi si kukosa sumu. Jiko la makaa halilali na watu.

Dalili zake hufanana na malaria: kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Tofauti ni kwamba homa haipo, wanaougua ni wote waliomo chumbani kwa pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Mgonjwa atolewe nje kwanza, kisha apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Mhudumu aambiwe kwamba palikuwa na moto ndani, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni huihesabu damu yenye sumu kama damu yenye oksijeni na kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Jikoni kwenye jiko la gesi, ukuta uwe na matundu mawili yanayotoka nje: moja juu karibu na dari, jingine chini usawa wa sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Gunia lisiyazibe, hata Julai.

Siku ya kukabidhiwa kazi, mwenye nyumba asimlipe fundi kabla ya kuiwasha hita kwa dakika kumi mfululizo na kuutazama mwali. Ukiwa wa buluu mpaka mwisho, alipwe. Ukigeuka njano, mtungi ufungwe na kazi irudiwe. Dharura ikitokea, Zimamoto wanapatikana kwa 114.