Dakika Tano za Utulivu: Kuanza Zoezi la Kutafakari Nyumbani

Kwa nini mwili unahitaji kutulia?

Mtu akipata habari ya kushtua, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, mabega hukakamaa. Ni kazi ya kawaida ya mwili kujiandaa kukimbia au kupambana. Shida huanza pale karo ya shule, deni la dukani na mgonjwa wa nyumbani vinapouweka mwili katika hali hiyo kutwa kucha. Usingizi hukatika, kichwa huuma, na watoto hukaripiwa kwa makosa madogo.

Kutafakari ni kuketi kimya kwa muda mfupi na kutuliza fikra mahali pamoja. Wengi huanza na pumzi, kwa kuwa hujiendesha yenyewe lakini pia tunaweza kuiongoza. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukiitoa polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi.

Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walifundishwa mbinu za aina hii kwa vikundi, katika vipindi 5. Miezi 3 baadaye, dhiki ya moyo ilikuwa imewapungua kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha chenye mbinu hizohizo.

Hatua za kuanza

1. Chagua wakati unaoambatana na jambo la kila siku: baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, au watoto wakishalala.
2. Waombe wa nyumbani wakupe dakika 5. Nyamazisha simu, utege kengele yake.
3. Keti kwenye kiti, kigoda au mkeka. Mgongo ukiuma, egemea ukuta. Fumba macho au tazama sakafuni.
4. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara 3.
5. Sasa iache iende yenyewe. Ifuatilie tu: ubaridi wake puani, tumbo linavyopanda na kushuka. Ukipenda, hesabu kila inapotoka, 1 hadi 10, kisha anza upya.

Fikra zikizurura

Zitazurura. Utakumbuka unga umeisha, utasikia bodaboda ikipita, utawaza maneno ya jirani. Wengi huachia hapa wakisema, "Mimi siwezi." Usiache. Tambua fikra zilipokwenda, usijilaumu, rudi kwenye pumzi. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe. Ukirudi mara 20, umefanya zoezi mara 20.

Kaa na dakika 5 kwa wiki 2, kisha ongeza hadi 10 ukiweza. Ukikosa siku moja, endelea kesho. Hakuna deni la kulipa.

Kwa watoto

Mtoto alale chali, umwekee kikombe chepesi cha plastiki tumboni. Akitazame kikipanda na kushuka kwa dakika 1 au 2.

Maswali ya nyumbani

*Je, zoezi hili linaingilia dini?* Halina maneno ya ibada. Ni pumzi na usikivu tu. Sala na dua zako zinabaki mahali pake.

*Nina presha. Niache dawa?* Hapana. Endelea na dawa na kliniki kama ulivyoelekezwa.

Tahadhari

Aliyepitia ukatili, ajali au msiba mzito huweza kujiwa na kumbukumbu chungu anapofumba macho. Likikutokea hilo, fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu 5 unavyoviona. Hofu isipotulia, acha zoezi na uzungumze na mhudumu wa afya.

Nenda kituo cha afya ikiwa huzuni au hofu imedumu wiki 2, au unasikia sauti wasizosikia wengine. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini sasa hivi na mwende pamoja siku hiyohiyo. Nanyi wa nyumbani, mkisikia maneno hayo msiyapuuze wala msimwache peke yake: mshikeni mkono, mfuatane naye hadi kituoni.