Jinsi ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha BCR-ABL1

Anayeugua saratani ya damu ya CML humeza kidonge kila siku, na kila baada ya miezi mitatu hutolewa damu. Majibu huja na namba moja tu, nayo humkosesha mtu usingizi. Kumbe inasomeka.

Kila binadamu ana jeni ya ABL1 kwenye kromosomu ya 9. Jeni hii hutengeneza kinasi, protini inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine na kuziamsha. Kwa mwenye CML, kipande chenye ABL1 kimekatika na kuungana na jeni ya BCR kwenye kromosomu ya 22. Kinasi inayozaliwa hapo haizimiki, na uboho hufyatua seli nyeupe bila kikomo. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika kwenye kinasi hiyo na kuizima. Namba yako huonyesha jeni hiyo ya mseto, BCR-ABL1, imebaki kiasi gani.

Hatua ya 1: Kagua karatasi. Tazama jina lako, tarehe na herufi IS kando ya asilimia. IS ni kipimo cha kimataifa. Bila hiyo, usilinganishe majibu ya maabara mbili. Pia usiyachanganye na hesabu ya seli za damu, ambayo huweza kuwa nzuri huku jeni ikiwa bado tele.

Hatua ya 2: Hesabu miezi tangu kidonge cha kwanza, kisha linganisha.
- Miezi 3: asilimia 10 au chini
- Miezi 6: asilimia 1 au chini
- Miezi 12: asilimia 0.1 au chini

Hatua ya 3: Soma mwendo. Andika kila jibu kwenye daftari. Mfululizo wa 8, 0.7 na 0.09 unakwenda vizuri. Kutoka 0.05 hadi 0.07 huenda ni mtikisiko wa maabara tu. Kutoka 0.05 hadi 0.6, muone daktari mapema.

Hatua ya 4: Ikipanda, anza na vidonge. Hesabu vilivyobaki. Je, kuna siku uliruka, au ulitapika mara baada ya kumeza? Imatinib humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Taja kila dawa nyingine, hata ya mitishamba. Rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, hupunguza sana imatinib mwilini.

Hatua ya 5: Kama hukuruka hata kimoja, ulizia kipimo cha mabadiliko ya kinasi. Badiliko liitwalo T315I huiziba nafasi ambayo imatinib hukaa. Hapo kuongeza dozi hakusaidii. Daktari hutafuta dawa nyingine, kama ponatinib.

Hatua ya 6: Usiache dawa kwa sababu jibu limesema "haikuonekana". Kutoonekana si kuisha. Wapo wanaosimamisha, lakini ni baada ya miaka ya majibu ya chini kabisa, kwa mpango wa daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Siku ya kliniki, beba daftari pamoja na vidonge vilivyobaki. Namba ikiwa imepanda, daktari ataanzia kwenye hivyo viwili.