Somo la Ujira: Haki ya Mfanyi Kazi na Hifadhi ya Aliyekosa Kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kuajiri na kuajiriwa ni katika mambo ambayo watu huyafanya kila siku, na wachache ndio wazijuao hukumu zake. Mtu hujifunza udhu na sala, na hilo ni wajibu. Lakini aendapo kutafuta kazi huingia gizani bila taa, asijue lipi haki yake na lipi si haki yake. Mwisho wa jambo hilo huwa ni ugomvi, au huwa ni kunyamaza kwa aliyedhulumiwa. Somo hili lakusudia kubainisha mambo matatu: haki ya mwenye kuajiriwa, njia ya kuipata, na hifadhi ya mtu aliyeondokewa na kazi.

FASLU YA KWANZA: Mfano wa Zaid na Amri

Tosamaganga ni mahali katika nyanda za juu za Iringa, karibu na Kalenga palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa. Pana misheni ya Kikatoliki ya tangu mwisho wa karne ya 19, na pana hospitali na skuli. Palipo na hospitali na skuli hapakosi wapishi, walinzi, waashi, maseremala na wafua nguo; na kandokando yake yako mashamba, na wenye mashamba hutafuta vibarua.

Huenda mtu wa pwani akauliza: "Mimi na Tosamaganga wapi na wapi?" Jawabu yake ni kwamba njia ya baina ya pwani na nyanda hizo ni ya zamani, na imekanyagwa na miguu ya wafanyi kazi. Katika zama za Waingereza, Wahehe na Wabena wengi waliteremka kwenda kukata mkonge Tanga na kwengineko. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi iliyoitwa SILABU, kazi yake kuwatafuta watu bara na kuwasafirisha mpaka mashambani. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake kabla ya kujulikana kwa jina lake. Watu wa Mrima waliwaona wakipita, na wengi wakadhani ile ni shida ya wageni, haiwahusu. Leo kijana wa Pangani au wa Bagamoyo hupanda basi akaenda Iringa kutafuta kazi ya kujenga, na huko yeye ndiye mgeni.

Basi na uchukuliwe mfano, kama ilivyo ada ya wanazuoni, wa Zaid na Amri. Wote wawili ni waashi kutoka pwani, na kila mmoja amepata kazi kwa tajiri wake pande za Tosamaganga, kwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Zaid alipoambiwa aandikishwe katika mfuko wa hifadhi alikataa, akasema: "Fedha yangu nipewe yote mkononi." Karatasi ya mapatano hakuidai, kwani aliona haya kumdai karatasi mtu aliyempa kazi. Amri aliidai karatasi, akajiandikisha, akaingia katika chama cha wafanyi kazi pamoja na wenziwe. Baada ya miaka mitatu, wote wawili waliambiwa siku moja kwamba kazi hakuna tena.

Zaid alirudi kwa tajiri wake mara kwa mara, akaambiwa "njoo kesho". Kesho zikafika siku 40. Nauli ya kurudi kwao hakuwa nayo, na mkewe huko Pangani alikuwa akikopa unga dukani. Amri hali yake haikuwa hivyo, na sababu yake itaelezwa. Tofauti ya wawili hawa haikuwa katika nguvu za mikono wala katika ufundi.

FASLU YA PILI: Sharti za ijara

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wamesema kwamba ijara haisihi mpaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Mwenye kusema, "Nifanyie kazi, nitakuridhisha," hakufanya mapatano sahihi, hata akiwa na nia njema. Kwani kuridhika hakuna kipimo, na mwenye nguvu ndiye apimaye. Mfanyi kazi akishaifanya kazi kwa mapatano mabovu kama hayo, haki yake haipotei: hustahiki ujira wa mfano, yaani ujira wanaolipwa watu wa kazi kama ile.

Msomaji na azingatie kisa cha Nabii Musa na mzee wa Madyan, kilichotajwa katika Sura ya Al-Qasas. Muda ulitajwa kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na ikitimizwa kumi ni hisani ya Musa. Mwenye kuajiri alisema kwamba hataki kumtaabisha. Kisha wote wawili wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Katika kisa hiki mna muda, mna mpaka baina ya wajibu na hisani, na mna ushahidi. Basi Zaid alipoona haya kudai karatasi, aliona haya mahali pasipo na haya, kwani jambo walilolifanya Mitume si la kuonewa haya.

Na katika Hadithi imekuja makamio makali kwa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaistaufi kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake: mtu huyo Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wake Siku ya Kiyama. Wala mfanyi kazi naye hakuachwa huru. Akiiba saa za kazi, au akaghushi saruji, amekula kisicho chake.

FASLU YA TATU: Kushikana mikono

Haki yaweza kuwa wazi kama jua na mwenyewe asiipate, akiwa peke yake. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliyajua haya. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Na mwaka 1947 mgomo wao ukaenea mjini, kisha ukafuata reli kwenda bara. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, wafanyi kazi wa Mombasa nao waligoma mji mzima. Mshahara ulioombwa na mtu mmoja mmoja kwa miaka haukuongezwa, nao uliongezwa walipoomba wote kwa sauti moja. Lakini mwaka 1950 makuli wa Dar es Salaam waligoma tena, mgomo ukaingia fujo, na chama chao kikavunjwa. Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana katika shirikisho la TFL, na katibu wake mkuu wa kwanza akawa Rashidi Kawawa. Katika mambo haya mna mafunzo mawili: umoja huleta haki, na fujo huipokonya.

Mas'ala: Je, yafaa Muislamu kuingia chama kimoja na Wakristo, nao ndio wengi Tosamaganga?

Jawabu: Yafaa, maadamu makusudio ni haki. Kabla ya utume, mtu mmoja wa Zabid katika Yaman aliuza bidhaa yake Makka kwa Al-As bin Wail, naye akamnyima thamani yake. Mgeni yule hakuwa na jamaa mjini, akapiga kelele mbele ya Waqureshi. Wakakutana watu wa koo mbalimbali katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mapatano hayo huitwa Hilfu l-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alihudhuria, na baada ya utume aliyasifu, akabainisha kwamba lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Walioapa siku ile hawakuwa Waislamu, na aliyenusuriwa alikuwa mgeni asiye na ndugu. Basi mkutano wa wafanyi kazi usifungiwe msikitini peke yake, mwashi Mkristo akakosa mahali pa kukaa. Na uwe barazani, au chini ya mti, kila mtu afike.

FASLU YA NNE: Sheria ya serikali

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria zake. Katika sheria ya Bara, yapasa mfanyi kazi ayahifadhi haya:

Kwanza, mwajiri hulazimika kumpa mfanyi kazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ikizuka kesi na maandishi hayapo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.

Pili, alipwaye kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa. Aliyetimiza miezi sita kazini haachishwi ila kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki. Na wafanyi kazi wakipunguzwa, hulazimika washauriwe kwanza, wao au chama chao.

Tatu, aliyeachishwa baada ya mwaka mmoja au zaidi hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Isipokuwa aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Zaid kwa miaka yake mitatu alistahiki siku 21.

Nne, mwenye kuachishwa kwa dhulma apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Hapa ndipo alipoponzwa Zaid na zile kesho 40. Mwenye kuchelewa huambiwa aombe kwanza ruhusa na aeleze udhuru wake, na huenda akakubaliwa, na huenda akakataliwa.

Tano, wafanyi kazi wasiopungua 20 waweza kukutana na kuunda chama, kisha wakakiandikisha. Au huingia katika chama kilichopo; wa mashambani wana TPAWU. Na mgomo una mlango wake: usuluhishi kwanza, kisha kura, kisha notisi ya saa 48. Mwenye kuuruka mlango akapita dirishani asilaumu akishikwa.

FASLU YA TANO: Hifadhi ya aliyekosa kazi

Mwaka 1964 Tanganyika iliunda mfuko wa akiba ya wafanyi kazi, na mwaka 1997 mfuko huo ukageuzwa kuwa NSSF. Mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara, na fungu la mfanyi kazi halipiti asilimia 10. Katika mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 liliingizwa fao la kukosa ajira. Aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, akaachishwa pasipo kuiacha kazi kwa khiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita.

Hapa ndipo ijulikanapo sababu ya Amri. Kwa mshahara wa shilingi 300,000 alipata shilingi 99,900 kila mwezi, na jumla yake kwa miezi sita ni shilingi 599,400. Fedha hiyo si utajiri, lakini ni nauli, na ni unga, na ni kodi ya chumba mpaka kazi nyengine ipatikane. Zaid alilipokataa kato dogo la kila mwezi, aliiuza ngao yake kwa thamani ya chakula cha siku chache.

Lakini haki haiishi kwa kumlaumu Zaid. Kibarua wa shamba la nyanya, aliyeitwa Jumatatu na kuachwa Alkhamisi, hakuulizwa kuandikishwa wala hakuambiwa kwamba mfuko upo. Miezi 18 haipati kwa tajiri mmoja. Jambo hili halitengenezwi na mtu mmoja. Ni jambo la vyama kulidai kwa serikali: vibarua waandikishwe, na mwajiri asiyepeleka michango afuatwe. Na kila mfanyi kazi aulize mara kwa mara katika ofisi ya mfuko kama mchango wake umefika, kwani kukatwa si kufikishwa.

FASLU YA SITA: Walio nje ya mfuko

Mas'ala: Mwenye nguvu ya kufanya kazi, na kazi haipati, je, ni halali kumpa zaka?

Jawabu: Ni halali. Imam Nawawi katika Majmuu ametaja kwamba mwenye kuweza kuchuma asipopata wa kumwajiri, zaka ni halali kwake, kwa kuwa hali yake ni ya asiyeweza. Na amesema kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya ufundi wake, ama ni kidogo ama ni kingi. Basi mwashi apewe mwiko na timazi, arudi kazini. Asipewe senti za kununulia mkate wa leo, kisha kesho akaonekana tena mlangoni. Wenye kugawa zaka pwani na Iringa na walizingatie hili.

Na kando ya zaka, wafanyi kazi wa mahali pamoja na wawe na sanduku lao, Waislamu na wasio Waislamu, kwa michango yao wenyewe. Zaka isichanganywe humo, kwa kuwa ina watu wake. Sanduku liwe na daftari, na waamini watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Akopeshwaye arudishe alichokopa bila ya ziada, kwani mkopo wenye ziada ni riba hata ukiitwa jina zuri.

KHATIMA

Jumla ya somo ni hii: ujira ni haki wala si fadhila, na karatasi si dalili ya kutoaminiana. Hifadhi hujengwa siku ya kazi, haijengwi siku ya njaa. Na mnyonge akiwa peke yake huombaomba, lakini wanyonge wakikutana hudai. Watu wa Mrima waliowatazama manamba wakipita bila kuwauliza khabari zao hawakujua kwamba siku moja watoto wao watasimama mahali pao, ugenini, wakimtazama nani atakayewauliza.

Wallahu a'lam. Na kwa Mwenyezi Mungu ndiyo taufiki.