Anza na Sufuria ya Maharage: Mbinu za Kusoma Riwaya za Kijapani Kuhusu Waliotengwa

Kama wiki hii una jioni mbili tu, zinatosha. Tafuta riwaya ya Durian Sukegawa iitwayo An, ya mwaka 2013. Kwa Kiingereza inauzwa kwa jina la Sweet Bean Paste. Ni fupi na lugha yake ni nyepesi. Anza na hiyo kabla ya nyingine zote nitakazokutajia.

Humo yumo Sentaro, mtu aliyewahi kufungwa, ambaye sasa anauza dorayaki. Hivyo ni vikate viwili vya duara, laini kama chapati za maji, vilivyobana maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Maharage hayo Sentaro huyanunua yakiwa tayari. Siku moja anakuja bibi mmoja, Tokue, vidole vimempinda, anaomba kazi. Bibi huyu hapiki kwa haraka. Anaiinamia sufuria karibu kabisa, mvuke unampiga usoni, kana kwamba anayasikiliza maharage yanavyosema. Wateja wanaanza kupanga foleni. Kisha minong'ono kuhusu vile vidole inaanza kuzunguka mtaani.

Tokue aliugua ukoma akiwa msichana. Alishapona zamani. Lakini sheria ya Japani iliyowatenga wagonjwa kwenye vituo maalumu ilifutwa mwaka 1996 tu, na kufikia hapo wengi walishazeeka nyuma ya ua. Soma kitabu hiki taratibu, hasa zile kurasa za jikoni. Usiziruke ukidhani ni mapambo. Mikono inayoogopwa na mtaa ndiyo inayoulisha mtaa, na mwandishi anakuonyesha hilo jikoni bila kulitamka.

Sasa chukua penseli. Alama ya Tokue inaonekana, iko kwenye vidole. Kwenye riwaya nyingi zinazofuata hutaiona. Mtu wa buraku, yaani wa mitaa iliyotengwa, huwezi kumtambua kwa sura wala rangi. Mkorea aliyezaliwa Osaka anaongea Kijapani sawasawa na jirani yake. Kwa hiyo acha kutafuta sura. Fuatilia mambo matatu: anwani, jina, na lile ambalo mtu anakwepa kulisema. Kila ukikuta moja, pigia mstari.

Tuanze na anwani. Watu wa buraku ni vizazi vya waliofanya kazi zilizohesabiwa kuwa najisi, kama kuchuna wanyama na kutengeneza ngozi. Serikali ililifuta tabaka hilo kisheria mwaka 1871, lakini mitaa yao ilibaki, na kila mtu alijua iko wapi. Mwaka 1975 iligundulika kwamba makampuni yalikuwa yakinunua kwa siri vitabu vyenye orodha ya mitaa hiyo, ili kuwachuja wanaoomba kazi. Kumbuka hilo kila mhusika anapoulizwa, "Kwenu wapi?" Kwetu hiyo ni salamu. Kwake inaweza kuwa mtego.

Ukitaka kuuona mtego huo ukifyatuka, soma Hakai ya Shimazaki Toson, ya mwaka 1906. Ushimatsu ni mwalimu kijana milimani huko Nagano. Baba yake amempa wosia mmoja: usimwambie mtu yeyote asili yako. Wewe umelelewa kwa methali ya mwacha asili ni mtumwa. Yeye amefundwa kinyume chake, kwamba akiishika asili atafukuzwa. Riwaya inaanza akihama chumba cha kupanga, kwa sababu mpangaji mwenzake, tajiri tena, ametimuliwa baada ya kujulikana ametoka wapi. Ushimatsu anafungasha vitu vyake kimya. Pigia mstari kimya hicho.

Mwishoni anapiga magoti mbele ya wanafunzi wake, anawaambia yeye ni nani na anaomba msamaha. Ukifika hapo, weka kitabu chini dakika moja. Jiulize nani alipaswa kumwomba nani radhi. Mimi ukurasa huo huniuma kila ninapoufikia, na sitaki uupite kwa mwendo wa kawaida. Toson mwenyewe hakuwa mtu wa buraku. Aliandika kwa huruma ya kweli, lakini alitazama kutoka upande wa pili wa barabara.

Ndiyo maana mbinu inayofuata ni kusoma kwa jozi. Ukimaliza kitabu cha aliyetazama kutoka nje, chukua cha aliyezaliwa ndani. Baada ya Toson, mchukue Nakagami Kenji, aliyezaliwa mwaka 1946 Shingu, mkoa wa Wakayama, ndani ya mtaa wa namna hiyo hiyo. Riwaya yake fupi Misaki ilipata Tuzo ya Akutagawa, tuzo ya fasihi ya Japani, kwa nusu ya pili ya mwaka 1975. Kwake hakuna magoti wala radhi. Akiyuki, mhusika wake, ni kibarua anayechimba udongo. Anapenda jasho lake, anaichukia damu ya baba yake, na haombi ruhusa ya kuwepo. Mtaa wenyewe Nakagami anauita roji tu, yaani kichochoro.

Onyo moja la Nakagami: ukoo umefumana kama mkeka. Mama ana watoto wa wanaume tofauti, baba ana wengine kwingine. Ndani ya ukurasa wa mwisho wa kitabu, chora mti wa ukoo tangu mwanzo na uuongeze unavyosoma. Ukikosa mchoro huo utapotea mapema, na utadhani kosa ni la mwandishi.

Jina nalo lina kazi yake. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na baada ya vita maelfu kwa maelfu ya Wakorea walibaki Japani. Watoto na wajukuu wao wengi wana majina mawili: la nyumbani la Kikorea na la mtaani la Kijapani. Chukua GO ya Kaneshiro Kazuki, iliyopata Tuzo ya Naoki mwaka 2000. Ina kasi, ina ngumi, ina mapenzi ya shule, na ni nzuri mno kwa kijana asiyependa riwaya. Mhusika mkuu anampenda msichana wa Kijapani lakini hajamwambia yeye ni nani. Anapomwambia, msichana anarudi nyuma, kwa sababu baba yake alimfundisha kwamba damu ya Wakorea ni chafu. Rudi kurasa chache kabla ya hapo. Tazama jina lilivyokuwa likifichwa na utani ulivyokuwa ukilifunika.

Watu wengi watakupendekezea Pachinko ya Min Jin Lee. Isome, ni kazi nzito. Ila fahamu kwamba imeandikwa kwa Kiingereza na mwandishi wa Marekani. Isikae badala ya Wakorea wa Japani wenyewe, kama Kaneshiro au Yu Miri.

Huyo Yu Miri ndiye utakayemhitaji kwa jambo la tatu, lile lisilosemwa. Riwaya yake Tokyo Ueno Station ilitoka kwa Kijapani mwaka 2014, na tafsiri ya Kiingereza ya Morgan Giles ikashinda National Book Award ya Marekani mwaka 2020. Msimulizi, Kazu, ni marehemu. Amezaliwa Fukushima mwaka 1933, mwaka mmoja na Akihito, aliyekuwa Mfalme hadi 2019. Mtoto wake wa kiume amezaliwa siku moja na mtoto wa Akihito. Kazu alikuja Tokyo kufanya kazi ya ujenzi wa Olimpiki ya 1964, akawa anaiona familia yake siku chache tu kwa mwaka. Uzeeni anaishi kwenye hema la turubai katika bustani ya Ueno. Familia ya kifalme ikikaribia kupita, watu wa mahema wanaamriwa kung'oa kila kitu. Wao wenyewe wanaita zoezi hilo kwa neno la wawindaji: msako wa mlimani.

Kitabu kimejaa vipande vya maongezi ya wapita njia, vya manunuzi, vya mbwa, vya chakula cha mchana. Mara ya kwanza niliviruka nikitafuta hadithi. Usiviruke. Visome kwa sauti. Hakuna hata mmoja kati ya wasemaji hao anayemtaja mtu aliyekaa hatua mbili kutoka alipo.

Kuhusu Okinawa, nitakupa moja tu. Ilikuwa ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipoimeza mwaka 1879. Ilichakazwa na vita mwaka 1945, kisha ikatawaliwa na Marekani hadi 1972. Andika miaka hiyo mitatu kwenye kikaratasi, ukiweke ndani ya Suiteki ya Medoruma Shun, hadithi fupi iliyopata Akutagawa mwaka 1997. Mzee Tokusho anaamka mguu umevimba kama mung'unye, na maji yanadondoka kwenye kidole gumba. Usiku askari waliokufa wanapanga foleni kuyanywa. Usihangaike kuuliza kama inawezekana. Uliza aliwafanyia nini askari hao kwenye pango walimojificha mwaka 1945, na kwa nini hajawahi kuwaambia hilo watoto wa shule wanaomwalika asimulie vita.

Ukiwa huna muda, tumia orodha ya Akutagawa kama ramani. Tuzo hiyo hutolewa mara mbili kwa mwaka, na hupewa kazi fupi zaidi. Oshiro Tatsuhiro wa Okinawa yumo, 1967. Ri Kaisei, Mkorea wa kwanza kuipata, yumo. Ichikawa Sao yumo, 2023.

Na kwa Ichikawa fanya hivi. Riwaya yake, Hunchback kwa Kiingereza, ni ya kurasa chache. Yeye ana ugonjwa wa misuli, hutumia kiti cha magurudumu na mashine ya kupumulia, na mhusika wake vilevile. Hakuna machozi ya kuombwa humo. Kuna hasira, matamanio na akili kali. Mhusika anaichukia heshima tunayokipa kitabu cha karatasi: lazima uweze kukishika, kufungua kurasa, kukaa wima, kwenda mwenyewe dukani. Soma kurasa hizo ukiwa na nakala ya karatasi mkononi, usikie uzito wake kwenye kiganja. Kisha, kama una ndugu au rafiki asiyeweza kushika kitabu, mnunulie nakala ya simu, mkuzie herufi, mpange muda wa kupigiana simu mkifika katikati.