Blogu ya darasa: mkubaliane haya kabla ya kuifungua

Kufungua blogu ni kazi ya dakika chache. Unaingia Blogger au WordPress, unajisajili kwa barua pepe, unachagua jina na mwonekano, na ukurasa uko hewani. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, madarasa mengi ya chuo huanzia hapo, na blogu zao huishia hapo: makala tatu za wiki ya kwanza, kisha kimya mpaka muhula unakwisha. Mara nyingi ufundi si tatizo. Tatizo ni kwamba darasa halikukubaliana linamwandikia nani.

Msomaji akiwa ni mhadhiri peke yake, kila mwanafunzi hubandika kazi yake ya darasani jinsi ilivyo, na hakuna mtu wa nje atakayeifungua. Tuseme ni darasa la kilimo, na mada ni viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kusambaa upesi kwenye mahindi ya bara zima. Kichwa kinachosema “Utangulizi kuhusu viwavijeshi” hakimsaidii mkulima. Lakini “Majani ya mahindi yametobolewa: kagua haya kabla ya kununua dawa” atakifungua. Ndani ya makala mwambieni aende shambani asubuhi au jioni, afunue moyo wa mche na kutafuta kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Akimpata kiwavi, amtazame usoni: kuna alama ya rangi hafifu iliyo kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mwanafunzi anayeweza kueleza hivyo, kwa Kiswahili ambacho mama yake kijijini atakielewa, ameiva katika somo lake. Hiyo ndiyo faida kubwa ya blogu ya darasa, na ndiyo sababu inastahili kufanywa vizuri.

Mkishamjua msomaji, amueni nani atashika nywila. Msiifungue kwa barua pepe binafsi ya mwanafunzi mmoja, kwani akihitimu au akipoteza simu, blogu inakwenda naye. Fungueni barua pepe ya darasa, nywila wawe nayo watu wawili pamoja na mhadhiri. WordPress ina ngazi za watumiaji zinazofaa sana hapa: mchangiaji anaandika na kuwasilisha, ila hawezi kuchapisha, mhariri ndiye anayechapisha. Wanafunzi wote wawe wachangiaji, na uhariri uzunguke kwa zamu ili kila mmoja aonje kazi ya kusahihisha maandishi ya mwenzake. Blogger nayo inapokea waandishi hadi 100, lakini mwandishi anaweza kuchapisha mwenyewe bila kupita kwa mhariri.

Mhariri wa zamu ana mambo yake ya kutazama, na picha ndizo zenye mitego mingi. Picha kuonekana kwenye Google hakuifanyi kuwa ya bure. Pigeni zenu, au chukueni Wikimedia Commons na mfuate masharti ya leseni, ambayo kwa kawaida hudai jina la mpigapicha litajwe. Picha ya simu huwa na megabaiti kadhaa; ipunguzeni hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, maana msomaji wenu anafungua kwa bando lake. Zimeni pia kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, na ombeni ridhaa kabla ya kuweka sura au jina la mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Kwa walio Tanzania kuna jambo jingine zito. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na gharama za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, kwa hiyo msitegemee mlichosikia kwa waliowatangulia. Chuo kiwaandikie TCRA kwa niaba yenu, kieleze kwamba hii ni kazi ya masomo, na mpate jibu la maandishi. Wakati mnasubiri, Blogger inawaruhusu kuifunga blogu isomwe na walioalikwa tu, nanyi mkaendelea kuandika na kuhaririana.

Muhula wa mwisho, pakueni nakala ya makala zote, muihifadhi katika idara, kisha mhadhiri abadilishe nywila kabla darasa linalofuata halijakabidhiwa.