Tajiri wangu anauza kiwanja mara mbili

SWALI: Namfanyia kazi muuza viwanja hapa Madale. Ndiye aliyenilipia ada ya chuo. Juzi kaniagiza niandike stakabadhi ya kiwanja nilichokwisha kumwandikia mama mmoja. Nikiacha kazi, si utovu wa shukrani?

JIBU: Hapana, mwanangu. Ada ni wema wake; saini kwenye stakabadhi ni yako. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa mateso ya watuhumiwa Shinyanga, ambayo hakuyatenda yeye. 1985 akawa Rais. Wewe unaagizwa utende kosa mwenyewe. Mshukuru ana kwa ana, kisha mpe barua: anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Katika siku hizo, stakabadhi hiyo usiiguse. Na yule mama mwambie kabla hajashusha tofali.